Muhtasari unasema tuliridhia, nasi hatukuridhia. Tufanye nini?

Swali la msomaji:

"Kamwene, mwanasheria. Mimi ni mkazi wa kijiji kimoja wilayani Kilolo. Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, tuliitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti akasema kuna mtu anaomba ekari 150 upande wa bondeni apande miti. Huko bondeni ndiko vilipo vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni tunazolima wakati wa kiangazi. Watu wakapinga, wengine wakataka mwombaji aje mwenyewe tumsikie, jioni ikaingia tukatawanyika bila uamuzi. Mwezi uliopita huyo mtu amekuja na wapimaji. Ana barua yenye muhuri wa kijiji na muhtasari unaosema wananchi 'kwa kauli moja waliridhia'. Nyuma imeambatishwa karatasi ya mahudhurio yenye majina yetu, na sahihi yangu ipo. Nilipomwomba mtendaji nakala akanijibu kuwa muhtasari ni siri ya ofisi. Kijana wangu alirekodi mkutano ule kwa simu. Je, sahihi yangu imenifunga? Nina haki ya kuuona huo muhtasari? Na ile rekodi ina msaada wowote?"

Kamwene, mama. Nianze na majibu mafupi, maana najua wapimaji wakishaingia shambani usingizi huwa haba. Sahihi yako haijakufunga. Haki ya kuuona muhtasari unayo, na hata ya kupewa nakala. Rekodi ya kijana wako ina msaada mkubwa, mradi itunzwe inavyotakiwa na isibebeshwe mzigo usio wake. Sasa tuyachukue moja moja, kwa sababu jambo hili nimelikuta Kilolo, Mufindi, hata kwenye mashamba ya mpunga kule Mbarali, na karibu kila mara watu wameumia kwa kutojua karatasi ya mkutano inafanya kazi gani na inapata wapi nguvu.

Karatasi ya mahudhurio inathibitisha jambo moja tu: kwamba ulikuwepo. Inatumika kujua kama akidi, yaani idadi ya chini ya watu inayotakiwa, ilitimia, basi. Aliyesimama kupinga anasaini pale pale anaposaini aliyeunga mkono, na wote wawili wanasaini kabla hata ajenda haijasomwa. Akidi isipotimia, mkutano hauwezi kupitisha uamuzi halali, na ndiyo sababu karatasi hiyo huambatishwa. Anayeichukua na kuionyesha kama orodha ya walioridhia anaipa kazi isiyo yake. Kwa hiyo usiache kusaini mahudhurio kwa woga. Nimewaona wananchi wakigoma kusaini wakidhani wanajilinda, halafu siku ya kutoa ushahidi wanaulizwa, "Ulikuwepo wewe?", na hawana la kuonyesha. Saini. Ila angalia juu ya karatasi kama kimeandikwa kichwa cha mkutano, tarehe na ajenda. Kama juu ni peupe, omba kiandikwe kwanza, kwa sababu karatasi tupu yenye sahihi za watu inaweza kubandikwa popote.

Kuhusu "siri ya ofisi", mtendaji wako amekosea, na ninasema hivyo bila kumvunjia heshima. Mkutano mkuu wa kijiji ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautaja kuwa chombo cha juu kabisa cha maamuzi ya sera katika kijiji. Yaliyosemwa mbele yako, na mbele ya jirani zako wote, hayawezi kugeuka siri yako wewe mwenyewe baada ya kuandikwa. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na ofisi ya kijiji ni mojawapo. Yapo mambo yanayoweza kuzuiwa, kama usalama wa taifa au upelelezi unaoendelea, lakini muhtasari wa mkutano wa hadhara uliofanyika chini ya mti haumo humo. Ukiomba kwa maandishi, ofisi inatakiwa kukujibu mapema iwezekanavyo na isizidi siku 30. Ikikataa, inakupa sababu kwa maandishi. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuliandika ombi lake.

Sheria hiyo hiyo inataka taarifa zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 30 tangu zilipotengenezwa. Nalisisitiza hili kwa sababu baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 vipo vijiji vilivyopata wenyeviti wapya, na mahali pengine jibu linalotolewa ni kwamba "mwenyekiti aliyepita aliondoka na daftari". Daftari si la mwenyekiti. Ni mali ya kijiji, linakaa ofisini chini ya mtendaji, na linapaswa kuwamo kwenye orodha ya makabidhiano pamoja na muhuri. Ipo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, inayokataza kumbukumbu za umma kuharibiwa kiholela. Na mtu anayebadili, kufuta, kuharibu au kuficha taarifa kwa kusudi la kuzuia isitolewe anatenda kosa la jinai.

Sasa nikueleze muhtasari unavyozaliwa, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako, ingawa hukuliuliza hivyo. Watu wengi wanaamini muhuri ndio unaoufanya muhtasari kuwa wa kweli. Sivyo. Muhuri unaonyesha karatasi imetoka ofisi gani. Kinachoupa muhtasari uhai ni kusomwa na kuthibitishwa na waliokuwepo.

Mwenendo wake uko hivi. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu. Mkutano ukiendelea anaandika kwenye kaunta buku: ajenda, hoja, nani ameuliza, nini kimejibiwa, azimio gani limefikiwa, na kama kura zimepigwa, zimekuwa ngapi. Baadaye anakaa ofisini kuunadhifisha. Hapo muhtasari bado ni rasimu. Mkutano unaofuata, na kwa kawaida mkutano mkuu wa kijiji hufanyika walau kila baada ya miezi mitatu, ajenda inayokuja mara baada ya kufungua ni kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho. Mtu yeyote aliyehudhuria anasimama na kusema, "Ukurasa wa pili, azimio la tatu, hatukufikia uamuzi, tuliahirisha mpaka mwombaji aje." Rekebisho linajadiliwa, linaandikwa, na baada ya hapo ndipo mwenyekiti na katibu wanasaini na kuweka tarehe. Kisha yanafuata yatokanayo, yaani utekelezaji wa yale yaliyoazimiwa.

Kwa hiyo, mama, swali la kwanza la kuupeleka ofisini ni hili: muhtasari ule ulisomwa na kuthibitishwa katika mkutano upi, wa tarehe gani? Kama haujawahi kusomwa mbele ya wananchi, mwombaji ametembea na rasimu iliyopigwa muhuri. Kama ulisomwa na watu wakanyamaza, kazi yenu ni ngumu zaidi, ingawa haijashindikana. Kusoma muhtasari huonekana kama adha. Watu hufika wamechelewa makusudi ili wakute jambo hilo limekwisha, wengine hupiga kelele "tumeuthibitisha, tuendelee" ili wawahi mashambani. Nawaelewa, kazi zinasubiri. Lakini dakika zile ishirini ndizo pekee ambazo kijiji kizima kina kalamu mkononi.

Niseme pia kwa haki: si kila muhtasari wenye kosa ni wa kughushi. Watendaji wengine wanasimamia mkutano wa watu mia tatu peke yao, wanaandika huku wakijibu maswali, halafu wanakuja kuunadhifisha wiki mbili baadaye kwa kukumbuka. Maneno kama "kwa kauli moja waliridhia" yamezoeleka mno. Yanaandikwa kwa mkono uliozoea, kama vile "mkutano ulifungwa saa 10 jioni". Mimi binafsi maneno hayo siyapendi kabisa katika jambo la ardhi. Mkutano wa ardhi unaotaka kuheshimiwa baadaye uhesabu mikono na uandike tarakimu: walioafiki, waliopinga, wasioamua. Mkipata nafasi ya kuomba jambo moja tu katika kijiji chenu, ombeni hilo. Kwa hiyo ingia ofisini ukiuliza, usiingie ukituhumu. Likiwa ni kosa la uandishi, mtendaji muungwana atakuwa na mlango wa kulisahihisha. Likiwa ni hila, utakuwa umeshapata majibu yake kwa maandishi.

Kuna mkanganyiko mwingine unaonitia wasiwasi katika maelezo yako. Kijijini kuna mihtasari ya aina mbili, na mara nyingi huchanganywa. Upo wa halmashauri ya kijiji, yaani ile kamati ya wajumbe 15 hadi 25 inayoongozwa na mwenyekiti na yenye wenyeviti wa vitongoji ndani yake, na upo wa mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, lakini kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha kwanza. Maana yake anayedai amepewa ardhi na kijiji anahitaji mihtasari miwili inayozungumza lugha moja: halmashauri ilijadili ombi, mkutano mkuu ukaidhinisha. Ukipata nakala, soma kichwa chake kwa makini. Inawezekana kabisa kwamba ule unaosema "waliridhia" ni wa halmashauri ya kijiji, wenye sahihi za wajumbe wachache, halafu karatasi ya mahudhurio ya mkutano wenu ikabanwa kwa pini nyuma yake. Linganisha tarehe ya muhtasari na tarehe ya mahudhurio. Linganisha idadi ya wahudhuriaji iliyotajwa ndani na idadi ya majina. Angalia kama namba za kurasa zinafuatana na kama mwandiko au chapa inabadilika. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji hayana nguvu, kwa hiyo karatasi hizi zina uzito wa kweli. Ukubwa nao una maana: ombi la eneo kubwa haliishii kwa mwenyekiti na mtendaji, linapita kwenye ngazi za juu zaidi, na huko nako linaacha barua na kumbukumbu unazoweza kuziomba.

Jiandae pia kukuta jambo usilolitarajia. Huenda ulifanyika mkutano mwingine baadaye ambao hukuhudhuria, ukaidhinisha. Wakati wa kupandikiza, watu wakiwa shambani tangu alfajiri, mikutano hupita na wahudhuriaji haba. Hilo likitokea, hoja yako inahama: utaanza kuuliza kama tangazo lilibandikwa mapema likiwa na ajenda ya ardhi ndani yake, na kama akidi ilitimia. Ajenda nzito kama hiyo haipaswi kuingizwa kwenye mengineyo, yaani yale madogo madogo ya mwisho wa mkutano.

Sasa ile rekodi ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki zitolewe kama ushahidi, ila uzito wake unapimwa kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haijaguswa. Kwa hiyo simu iliyorekodi isiuzwe wala kufutwa. Faili la asili libaki humo lilivyo, lisikatwe hata sekunde moja ili "kupunguza kelele". Nakili jingine kwenye kadi au kompyuta ya mtu unayemwamini. Kijana wako aandike leo, wakati bado anakumbuka, alirekodi siku gani, saa ngapi, amekaa wapi, kwa simu ipi, na akina nani wanasikika wakizungumza. Huyo ndiye atakayesimama kuieleza rekodi hiyo, si wewe.

Rekodi haiwi muhtasari. Haiwezi kuchukua nafasi ya daftari la kijiji, na mwenyekiti hawezi kulazimishwa kuisaini. Kazi yake ni kuonyesha kwamba daftari limekosea. Na tafadhali, isirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Najua hasira mliyo nayo. Lakini ikishasambaa itakatwakatwa, itapachikwa maneno, na upande wa pili utasema imechezewa. Kuna pia sauti za majirani wasiopenda kusikika kila mahali, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inawalinda.

Sasa hatua za kuchukua. Nianze na barua, kwa kuwa hiyo unaweza kuiandika leo jioni. Iandike kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mwenyekiti na kwa Mtendaji wa Kata. Maneno yasizidi haya: "Naomba, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, nakala zilizothibitishwa za muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliojadili ombi la ardhi la ekari 150 upande wa bondeni, karatasi ya mahudhurio ya mkutano huo, muhtasari wa mkutano uliouthibitisha, na muhtasari wa halmashauri ya kijiji kuhusu ombi hilo hilo. Nipo tayari kulipia gharama ya kunakili." Weka tarehe, sahihi na namba ya simu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, nenda na shahidi na uandike nyuma ya nakala yako jina la aliyepokea na saa. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.

Usisubiri siku hizo zikiwa zinapita huku wapimaji wakiweka vigingi. Sambamba na barua ile, wanakijiji wanaohusika mwandike pingamizi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, nakala kwa Afisa Ardhi wa Wilaya, mkieleza kwamba muhtasari unaotumika unabishaniwa, na kuomba upimaji usimame mpaka mkutano mkuu uitishwe. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri, kwa hiyo Mkurugenzi ndiye mwenye mamlaka juu yake. Mwenyekiti amechaguliwa nanyi. Tajeni vinyungu waziwazi kwenye pingamizi: ni familia ngapi zinalima, tangu lini, na mito au chemchemi zipi ziko hapo, kwa sababu miti inayokunywa maji mengi kama mikaratusi ikipandwa kwenye chanzo cha maji inagusa sheria za mazingira na za maji pia, nje kabisa ya ubishi wa muhtasari. Lakini msing'oe vigingi. Kung'oa alama za upimaji kunaweza kuwageuza ninyi kuwa washtakiwa, na mkiwa rumande hakuna wa kusimama kwenye mkutano.

Halafu mkutano wenyewe. Ombeni uitishwe, ukiwa na ajenda mbili tu: kuthibitisha muhtasari wa mkutano ule, na ombi la ardhi ya bondeni. Kama muhtasari haukuwahi kuthibitishwa, rekebisho lenu linaingia hapo hapo. Kama ulithibitishwa, ombeni azimio jipya linalosema kwamba mkutano mkuu unatambua kosa katika muhtasari wa tarehe fulani na kwamba ombi halijaamuliwa. Azimio hilo haliufuti ule wa zamani, ila linakaa kwenye daftari lile lile, na yeyote atakayesoma kimoja atalazimika kusoma na cha pili. Kwangu hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na ya bei nafuu, kwa sababu inakitumia chombo chenye mamlaka badala ya kukikimbia. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji watu wajitokeze kwa wingi, na uongozi unaokubali kuitisha mkutano. Uongozi ukikataa, Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi wapewe taarifa kwa maandishi.

Kuna hatua ambazo sikushauri uzichukue peke yako kwa kusoma jibu hili. Kama nakala itaonyesha sahihi zilizobuniwa, au majina ya marehemu kwenye mahudhurio, hapo tunazungumzia kughushi. Hilo ni la polisi, na kama kuna dalili ya fedha kupita mkononi, TAKUKURU. Kama ardhi imeshapimwa na hati inaandaliwa, muone wakili au msaidizi wa kisheria wiki hiyo hiyo, si baada ya mavuno. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya akuonyeshe waliosajiliwa karibu nawe.

Mahakamani pana mitego ambayo wanakijiji huangukia. Mgogoro kati yako na mtu binafsi huanzia kwenye usuluhishi wa baraza la kata, na tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini ukitaka kuishtaki halmashauri ya kijiji yenyewe, tangu mwaka 2020 unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Kesi zinafutwa kwa kukosea hapo, hata zenye haki tupu ndani yake. Ndiyo maana nasema wakili aonekane mapema: notisi inaweza kuanza kuhesabiwa huku mkiendelea na barua na mkutano.

Ukienda kumuona, beba nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa, simu yenye rekodi, maelezo ya kijana wako, na majina ya watu watano au sita waliozungumza siku ile na walio tayari kusema hivyo kwa kiapo. Nakala ya muhtasari ikiwa bado haijatoka, usiahirishe safari kwa sababu hiyo. Kukataliwa kwake, kukiwa kumeandikwa, nako ni ushahidi.